Mavyaa Asema Sindano ya Mgongo Itanilemaza

Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nakaa Bombolulu. Nina mimba ya wiki 35. Kifungua mimba wangu nilimzaa kwa operesheni miaka sita iliyopita. Nilipigwa nusu kaputi, sikujua lolote mpaka nilipozinduka koo likiniwasha, na mtoto nikamwona jioni. Safari hii kliniki wameniambia mtoto ametanguliza matako, na kwa kuwa nina kovu nitapasuliwa tena, ila sitalazwa usingizi. Nitadungwa sindano ya mgongo.

Mume wangu yuko kazini Doha, kwa hivyo nakaa na mavyaa, naye amekataa katakata. Asema sindano hiyo hulemaza. Jirani yetu alidungwa, na mpaka leo hawezi kukaa kwenye mbuzi akakuna nazi moja ikaisha. Mwenzangu wa chama naye aliumwa na kichwa wiki nzima, akawa hawezi kuinuka kumnyonyesha mwanawe. Na mimi kila nikienda stejini napita pale Workshop, naona watu kwenye viti vya magurudumu, moyo wanienda mbio.

Je, naweza kupooza? Nitasikia kisu? Na nikisema nataka nusu kaputi kama mara ya kwanza, watanikubalia?

Mja mzito mwenye hofu, Bombolulu

*

Hongera kwa mimba, mwanangu, na usinione mkali nikianza na swali lako la mwisho.

Ndiyo, una haki ya kukataa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yasema kwamba, ukiacha dharura, mtu mzima mwenye akili timamu hatibiwi bila ridhaa yake. Kabla ya kuridhia aelezwe atafanyiwa nini, kina faida gani, kina hatari gani, na njia nyingine ni zipi, tena kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo ukiletewa fomu ya Kiingereza na kalamu, usione haya kusema, "Nielezeni kwa Kiswahili kwanza." Na saini ni yako. Si ya mavyaa, wala si ya mume aliye Doha. Lakini kuwa na haki ya kukataa ni jambo moja, kuwa na sababu ya kukataa ni jambo jingine, na sababu ulizoniandikia hazijanitosha.

Ungekuwa binti yangu wa kuzaa ningekuambia ukubali sindano. Kabla ya kustaafu nilikuwa nesi wa thieta, na akina mama walionitia hofu pale mezani ni wale waliolazwa usingizi kabisa, si wale waliokuwa macho wakiniuliza kama mtoto ana nywele.

Mjamzito akipigwa nusu kaputi, shida huanzia kooni. Mimba huvimbisha njia ya hewa, kwa hivyo kumpitishia mpira wa kupumulia ni kazi ngumu kuliko kwa mtu mwingine, na pumzi yake huisha haraka zaidi wakati mpira unatafutiwa njia. (Lile koo lililokuwasha ulipozinduka ni alama ya mpira huo.) Kisha kuna tumbo. Mtoto amelisukuma juu, asidi hupanda kwa urahisi, na mtu aliyelala usingizi wa dawa hawezi kukohoa kujikinga. Vilivyo tumboni vikimwingia mapafuni, mambo huwa mabaya upesi. Daktari wa Marekani, Curtis Mendelson, alieleza janga hilo linavyowapata akina mama wazazi mwaka 1946, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Zaidi ya hayo, gesi ya usingizi hulegeza mji wa mimba, na mji uliolegea hutoa damu nyingi. Mtoto naye hupata mgao wake wa usingizi.

Mwaka 2016 jarida la Lancet Global Health lilichapisha uchunguzi uliokusanya ripoti za nchi za kipato cha chini na cha kati, Afrika ikiwemo. Wazazi waliolazwa usingizi walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara tatu kuliko waliodungwa ganzi ya mgongoni. Tuseme haki: mara nyingi wanaolazwa usingizi ndio walioletwa hali ikiwa imeshaharibika, kwa hivyo tofauti yote hiyo si ya dawa. Hata ukipunguza, inabaki kubwa.

Sasa kupooza. Hofu ya mavyaa wako haikuzuka hewani, na usimcheke.

Jumatatu ya tarehe 13 Oktoba 1947, katika hospitali ya Chesterfield huko Uingereza, wanaume wawili, Albert Woolley na Cecil Roe, walifanyiwa operesheni ndogo siku moja, wakadungwa sindano ya mgongo na daktari yuleyule. Wote wawili wakapooza miguu, wasipone. Kesi ikaenda mahakamani, rufaa ikaamuliwa mwaka 1954 kwamba daktari hakuwa na kosa. Mahakama iliambiwa kwamba vichupa vya dawa vililowekwa katika dawa kali ya kuua vijidudu, nayo ikapenya kwa nyufa zisizoonekana kwa macho. Miaka mingi baadaye wataalamu wengine walisema huenda ilikuwa asidi ya kusafishia chombo cha kuchemshia sindano, iliyosahauliwa ndani. Vyovyote iwavyo, kilichowalemaza Woolley na Roe ni uchafu ulioingia pamoja na dawa. Habari ile iliwatisha madaktari wa Uingereza kiasi kwamba wengi waliacha sindano ya mgongo kwa miaka. Leo sindano hutoka katika pakiti yake, hutumiwa mara moja na kutupwa, na kichupa cha dawa huvunjwa mbele ya mgonjwa. Hakuna cha kuchemsha wala kuloweka.

Na pale inapoingia? Simama, shika kiuno, vidole gumba viwe nyuma, juu ya mifupa ya nyonga. Mstari unaoviunganisha wapita karibu na pingili ya nne ya kiuno, na hapo ndipo daktari anapopapasa. Uti wenyewe, ule mshipa mkuu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima huishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili. Chini yake kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea ndani yake, na sindano nyembamba ikizikaribia, mara nyingi huteleza pembeni. Ukisikia kama umeme unakupiga mguuni sindano inapoingia, usinyamaze, sema "mguu wa kulia" au "wa kushoto", naye ataivuta na kuielekeza upya.

Madhara ya kudumu yapo. Uingereza walifanya ukaguzi wa taifa zima, ripoti ikatoka mwaka 2009, wakahesabu zaidi ya sindano 700,000 za mgongoni za aina zote kwa mwaka mmoja. Hata walipohesabu kwa jicho kali kabisa, walioachiwa madhara ya kudumu walikuwa kama wanne kwa kila 100,000, na waliopooza au kufa hawakufika wawili kwa kila 100,000. Wazazi walikuwa miongoni mwa waliopata madhara machache zaidi. Mombasa si Uingereza, najua. Ila yanayoleta ulemavu huo yanajulikana: damu inayovilia ndani na kubana neva, usaha, au dawa isiyo yake. Yote matatu yana namna ya kuzuiwa, na sehemu ya kuyazuia iko mikononi mwako. Nitakuja huko.

Hao unaowaona pale Workshop nao, mwanangu, hawakuwekwa barabarani ili wakutishe. Bombolulu Workshops ilianzishwa mwaka 1969 na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, ili watu wapate kazi: mikufu, ngozi, nguo, viti vya magurudumu. Huku kwetu wengi wamefika kwenye kiti kwa polio ya utotoni, kwa ajali za barabarani, kwa kuzaliwa hivyo. Siku moja ukitoka kliniki ingia ndani, ununue japo bangili, uzungumze nao. Utakuta watu wana kazi zao na wana watoto wao.

Wauliza kama utasikia kisu. Hutasikia kisu, utasikia mikono. Hebu nikupitishe.

Utaketishwa ukingoni mwa meza ya thieta, miguu yaning'inia, ukumbatie mto. Nesi atasimama mbele yako ashike mabega. Utaambiwa ujikunje kama kamba aliyetiwa chunguni, kidevu kifuani, mgongo utoke nje, ili pingili zifunguke. Kwa tumbo la wiki 38 hilo ndilo zito kuliko sindano yenyewe. Mgongo utapakwa dawa baridi, baridi kweli. Kuna sindano ndogo ya ganzi ya ngozi, hiyo huchoma kidogo kama ile ya jino. Ile kubwa unayoiogopa ni nyembamba kuliko ya dripu uliyotiwa mkononi, na utakachosikia ni kusukumwa tu. Daktari atangoja mpaka tone la maji meupe kama ya mferejini lichungulie mwishoni mwa sindano. Akiliona, atatia dawa, kwa kawaida bupivakeni, kama mililita mbili tu. Utalazwa haraka, na chini ya nyonga ya kulia utawekwa mto au shuka lililokunjwa ili mtoto asikandamize mshipa mkubwa wa damu.

Baada ya dakika moja au mbili miguu itapata joto, halafu mchomochomo, halafu utaambiwa inua mguu na mguu utakataa. Hapo wengine hulia, wakidhani ndiko kupooza kwenyewe. Sivyo. Hurudi, vidole kwanza, ndani ya saa mbili mpaka nne hivi. Kabla ya kukata, daktari atakugusa kwa pamba ya spiriti au barafu kutoka mguuni kupanda juu, akikuuliza wapi ni baridi. Operesheni ya uzazi yataka ganzi ifike usawa wa matiti. Mwambie kweli. Ukisema "hakuna" kwa kutaka yaishe haraka, utajidhulumu mwenyewe. Wakianza, utasikia kuvutwa, kusukumwa, tumbo kukorogwa, na mtoto anapotolewa mtu atakulalia juu ya tumbo kwa nguvu. Huenda ukatetemeka meno yakagongana, ni kawaida. Lakini ukisikia kitu kikali, maumivu ya kweli, sema kwa sauti. Wakati mwingine ganzi haishiki vizuri, na dawa yake ni kuongezewa, kurudiwa, au kulazwa usingizi. Kuvumilia si sehemu ya matibabu, hata ukisikia mtu akikuambia "kaza mama, tunamaliza".

Jirani yako wa mbuzi nampa pole, kwa sababu mgongo unauma kweli. Ila siamini kwamba ni sindano. Pale ilipoingia panaweza kuwa na kidonda kwa siku chache, ukigusa pauma. Maumivu ya miezi na miaka ni habari nyingine. Yamechunguzwa mara nyingi, na waliozaa kwa sindano ya mgongo hawaumwi na mgongo kwa muda mrefu kuliko waliozaa bila sindano. Mimba yenyewe hulegeza kano za kiuno, tumbo hupinda mgongo mbele, misuli ya tumbo hunyooka kupita kiasi. Kisha arubaini ikiisha mama anarudi kuinama: kufua, kupiga deki, kunyonyesha amejikunja bila mto, na huo mbuzi. Kukaa chini hivyo, miguu mbele, ukiegemea mbele kukuna nazi, ni adhabu kwa kiuno hata cha msichana. Mpeleke jirani kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na nazi akunie kijana wa sokoni Kongowea kwa mashine.

Mwenzako wa chama ni tofauti. Huyo kilichomuuma naamini ni sindano, na maradhi yake yana umri sawa na sindano yenyewe.

Mwezi wa Agosti mwaka 1898, mjini Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alianza kuwapasua watu kwa ganzi ya mgongo, dawa ikiwa kokeini. Wagonjwa wake walilalamika kichwa na kutapika, naye akataka kujionea. Akajitolea kudungwa na msaidizi wake, Hildebrandt. Bomba halikukaa sawa kwenye sindano, maji ya mgongo yakamwagika, dawa haikuingia. Wakabadilishana. Ganzi ilipomshika Hildebrandt, Bier alimpiga muundi kwa nyundo ya chuma na kumchoma kwa sigara, mwenzake asisikie. Usiku ule wakala, wakanywa mvinyo, wakavuta sigara. Kesho yake Bier akawa hawezi kuketi wala kusimama kwa kichwa, akalala kitandani siku tisa.

Ndicho kichwa hicho hicho. Sindano huacha tundu kwenye utando unaoshika maji ya uti, maji yakavuja, ubongo ukakosa maji ya kuuegemeza. Ukiketi kinapiga, ukilala kinatulia, na hiyo ndiyo dalili yake kubwa. Huanza siku ya kwanza mpaka ya tatu hivi. Tundu likiwa dogo, kichwa nacho huwa haba. Kwa hivyo uliza watatumia sindano gani. Namba 25 au 27, yenye ncha ya penseli, husukuma nyuzi za utando kando badala ya kuzikata, na wanaopata kichwa kwa hiyo ni wachache. Zenye ncha ya kukata ni rahisi kwa bei, lakini kichwa huwa zaidi. Ikikupata, usingoje wiki nzima kama mwenzako. Rudi hospitali, kuna dawa za maumivu, kuna kahawa hata, na kikizidi hutolewa damu yako mwenyewe mkononi, kama mililita 20, ikadungwa mgongoni pale pale ili izibe tundu. Wengi huinuka siku hiyo hiyo. Lakini kichwa baada ya kuzaa kikiambatana na presha ya juu, macho kuona giza, degedege, homa au shingo kukakamaa, usikidhani kuwa ni cha sindano tu. Panda tuktuk saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ganzi ikishaondoka kisha miguu ikarudi kuwa mizito, au mkojo ukazuilika baada ya mpira wa mkojo kutolewa.

Sasa nikuambie ninachokiogopa mimi, ambacho mavyaa hakukitaja.

Ni presha. Dawa ile hulegeza mishipa ya damu ya nusu ya chini ya mwili, damu huteremka, presha ikashuka, na hutokea kwa akina mama wengi. Dalili ya kwanza ni kichefuchefu cha ghafla, kizunguzungu, au kusema tu "najisikia vibaya". Ikikamatwa hapo, dripu ikaongezwa kasi, akapewa efedrini au fenilefrini, dakika haipiti amerudi. Isipokamatwa, mama na mtoto wote wamo hatarini. Wakati mwingine, si mara nyingi, ganzi hupanda juu kupita kiasi, mikono ikawa dhaifu, pumzi ikawa nzito, na hapo anatakiwa mtu wa kumsaidia kupumua mara moja. Nakumbuka mama mmoja, katika hospitali nisiyoitaja, alisema "nataka kutapika" huku aliyemdunga ameshatoka kwenda kumwandaa mgonjwa wa chumba cha pili. Tulimwita kwa kelele, akaja mbio, mama akapona. Sindano ilikuwa safi, imeingia mahali pake, dawa ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa kichwani pake.

Kwa hivyo siku ya kliniki uliza haya badala ya kuuliza kama utalemaa. Nani atanidunga, na atakaa nami mpaka mwisho? Presha itapimwa kila baada ya dakika ngapi? (Mwanzoni yafaa iwe kila dakika moja au mbili.) Mashine ya nusu kaputi, oksijeni na mpira wa koo viko tayari chumba hicho hicho, ganzi ikikataa? Atakayekudunga huenda asiwe daktari bingwa. Kenya ina chini ya bingwa mmoja wa usingizi kwa kila watu 100,000, na shirikisho la dunia la wataalamu hao hutaka angalau watano. Kazi kubwa nchini hufanywa na maafisa wa kliniki na manesi waliosomea usingizi, na nimeona mikono mizuri sana miongoni mwao. Cheo kisikushughulishe. Ukimwona ana haraka ya kuondoka, hilo likushughulishe.

Na wewe una yako ya kusema. Kuna ambao sindano hii haiwafai kweli: aliyepungukiwa na chembe za kugandisha damu, kama inavyotokea kwa baadhi ya wenye kifafa cha mimba, aliyetokwa na damu nyingi akawa bado hajaongezewa, mwenye ugonjwa fulani wa vali za moyo, mwenye usaha au jipu pale inapoingia. Kama unadungwa dawa za kuzuia damu kuganda, sema ulidungwa saa ngapi, kwa kuwa lazima zipite saa 12, na kwa dozi kubwa saa 24. Aspirini ndogo ya kuzuia presha ya mimba haizuii sindano, lakini itaje. Na mitishamba pia, hata kama mavyaa ndiye aliyeichemsha. Jambo jingine la huku kwetu: umepigwa hijama ya kiuno karibuni? Chale mbichi mgongoni ni mlango wa vijidudu. Usifanye hijama hiyo mpaka uzae, na kama umeshafanya, onyesha.

Siku ya operesheni, chakula kikome saa sita kabla, na chai ya maziwa ni chakula. Maji matupu mwisho saa mbili kabla. Mahamri na mbaazi yatakungoja. Na ukitaka kupambwa kabla ya kwenda, upakwe hina utakavyo miguuni, lakini angalau vidole viwili vya mkono viachwe bila piko wala rangi ya kucha. Kile kibanio cha kidole husoma oksijeni kwa mwanga unaopita kwenye ncha ya kidole, na piko nyeusi huweza kukidanganya. Nimeshamsugua bibi harusi mmoja wa zamani kwa spiriti mpaka nikachoka.

Kwa wasomaji wengine waliokuwa wakisoma barua ya mwenzao: sindano ya mgongo si ganzi pekee. Kwa epidurali huachwa mrija mwembamba mgongoni, dawa ikaongezwa kidogo kidogo, na ndiyo hutumika kupunguza uchungu wa kuzaa kwa njia ya kawaida. Huku kwetu utaipata zaidi hospitali za binafsi. Kijana wa boda aliyevunjika mkono anaweza kutiwa ganzi ya bega mpaka vidole bila kulazwa usingizi. Hiyo hutumia dawa nyingi kuliko ya mgongo, na ikiingia kwenye mshipa wa damu huleta degedege na kuvuruga moyo, ndiyo maana hudungwa kidogo kidogo, na siku hizi kwa kuangalia picha ya ultrasaundi.

Mavyaa je? Usibishane naye jikoni. Mchukue kliniki ijayo, aketi karibu nawe, umwombe daktari wa usingizi amweleze yeye. Watu wazima wakielezwa kwa heshima hubadili neno lao, na akibadili, atakuwa mtetezi wako kwa mumeo. Kuna jambo jingine unaweza kulidondosha taratibu. Pwani yetu ina wazee wengi waliofanyiwa operesheni ya busha au ngiri, na wengi wao walidungwa mgongo huu huu, wakatoka wakitembea. Hawasemi kwa kuona haya. Huenda babamkwe wako ana shahidi wa karibu barazani pake kuliko jirani yenu wa mbuzi.

Limebaki moja, na ndilo linaloweza kukupeleka kwenye nusu kaputi hata ukiwa umekubali sindano. Ni kuchelewa. Kumdunga mama mgongo kwahitaji dakika kadhaa za utulivu. Mama aliyeletwa kovu limefunguka au mtoto amechoka hana dakika hizo, hulazwa usingizi papo hapo. Wewe una kovu na mtoto amekaa vibaya, kwa hivyo uchungu ukianza kabla ya tarehe, au maji yakimwagika, au damu, usingoje uchungu ukolee, na usingoje simu ya Doha. Ikiwa umeandikishwa Coast General kule Makadara, kumbuka lazima uvuke Daraja la Nyali, na jioni daraja hilo halina huruma na mjamzito. Mtafute sasa mwenye tuktuk au gari atakayeitika saa nane za usiku, na namba yake mavyaa awe nayo kwenye simu yake pia. Mkifika, wa kwanza kukupokea mlangoni mwambie mambo matatu kabla hajakuuliza jina: nina kovu la operesheni, mtoto ametanguliza matako, na mara ya mwisho kula ilikuwa saa fulani.

Shangazi